Nani Angeliandika Jibu Hilo? Hotuba kwa Wanafunzi Wanaoanza Utafiti

Ndugu wanafunzi, walimu wenu, na wakutubi wenzangu, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua na kutumia zana za kutafutia taarifa mtandaoni, na nikiziona simu zilizokwisha kuinuliwa najua mnachosubiri: orodha. Tovuti kumi, mpige picha, twende zetu. Orodha ninayo na nitaitoa kidogo kidogo. Ila nimekaa kwenye meza ya maktaba miaka ya kutosha kuona watu wenye orodha ndefu wakirudi mikono mitupu, na watu wasio na orodha yoyote wakiondoka daftari limejaa. Tofauti yao haikuwa zana.

Kuna mwanafunzi alinijia siku tatu mfululizo. Mada yake ilikuwa simu na wanafunzi. Alikuwa ameandika kwenye Google "madhara ya simu kwa wanafunzi" na kupata mafuriko: ushauri kwa wazazi, vichwa vya habari vya kutisha, matangazo ya simu mpya, na insha ya mwanafunzi mwingine aliyekuwa amekwama kama yeye. Siku ya tatu akaniambia, "Mwalimu, nadhani hakuna utafiti uliofanywa kuhusu mada hii." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, na karibu kila mara si kweli. Sikubishana naye. Nilimuuliza tu: unachokitafuta, nani angekuwa amekiandika?

Akanyamaza. Nikamsaidia: daktari? Mwalimu? Mwanasaikolojia? Mtu wa wizarani? Kampuni inayouza simu? Akafikiri, kisha akasema kwamba anachotaka hasa ni kujua kama kutumia simu usiku kunapunguza usingizi, na kama usingizi mchache unashusha alama darasani. Hapo mambo yakabadilika. Mtu anayeandika habari hizo ni mtafiti wa usingizi. Huchapisha kwenye majarida ya afya na saikolojia, si kwenye kurasa za ushauri. Tena hasemi "madhara", maana hilo tayari ni hukumu, husema "uhusiano". Hasemi "kulala vibaya". Husema "ubora wa usingizi". Tulifungua kanzidata ya tiba, yaani hazina ya taarifa za makala za fani hiyo, tukaingiza maneno ya mtafiti huyo badala ya maneno yetu, na kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai tatizo likageuka: makala zilikuwa nyingi mno, ikabidi tuanze kupunguza.

Swali hilo ndilo nililokuja nalo leo. Nani angeliandika jibu hilo, na angeliweka wapi? Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Wengi wetu tunalikwepa swali hili kwa sababu kisanduku cha kutafutia kimetuzoesha vibaya. Ni cheupe, kitupu, kinakubali chochote, nacho hujibu kabla hujamaliza kuandika. Unahisi unaiuliza dunia. Huulizi dunia. Unapekua faharasa ambayo mtu ameiandaa kabla hujaamka, kwa kanuni zake na kwa sababu zake. Mwaka 1990, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alitengeneza programu iliyoitwa Archie, na wengi huihesabu kuwa injini ya kwanza ya utafutaji kwenye intaneti. Archie ilijua majina ya mafaili tu. Kilichoandikwa ndani ya faili haikukijua kabisa. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo walianzisha Yahoo ikiwa saraka iliyopangwa na binadamu, kila tovuti kwenye rafu yake, kazi ambayo mkutubi yeyote angeitambua. Mwaka 1995 ikaja AltaVista, iliyosoma maneno yote ya kila ukurasa iliyoufikia, na hapo tatizo likawa wingi: maneno yako yamo kwenye kurasa elfu, uanze na upi?

Jibu la Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, lilitoka kwenye desturi ya wasomi. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wakipima uzito wa makala kwa kuangalia ni wangapi wameitaja. Eugene Garfield alikuwa amechapisha faharasa kubwa ya marejeleo ya kisayansi mwaka 1964. Page na Brin wakafanya vivyo hivyo kwa kurasa za mtandao: ukurasa unaounganishwa na kurasa nyingi, hasa zenye uzito, unapanda juu. Leo Google hupima mambo mengi zaidi ya viungo, lakini wazo la msingi halijatoweka. Kwa hiyo kinachokaa juu ni kile ambacho mashine inakisia kuwa watu wengi wanakihitaji. Kwa anayetafuta tiketi ya basi hiyo ni huduma njema. Kwa mtafiti ni mwanzo tu, tena ukumbuke kwamba mapato makubwa ya kampuni hiyo hutokana na matangazo, na matangazo hukaa juu ya matokeo yakiwa na kijineno kidogo cha kukuambia kwamba yamelipiwa. Kisome kijineno hicho.

Sisemi msitumie Google. Mimi huitumia kila siku. Nasema muijue kazi yake, na muiamrishe. Maneno yakifungwa ndani ya alama za mtajo, inatafuta yakiwa pamoja kwa mpangilio huohuo. Ukiandika site: na kubandika anwani ya tovuti bila nafasi, kama site:who.int, inatafuta ndani ya tovuti ya Shirika la Afya Duniani peke yake. Ukiongeza filetype:pdf, unapata ripoti ndefu ambazo taasisi huzihifadhi kwa mfumo huo, na hizo ndizo mara nyingi hazijitokezi kwenye utafutaji wa kawaida. Hizo tatu zinatosha. Ziko nyingine, lakini sijaona mtu aliyefeli kwa kutozijua.

Lipo dada yake, Google Scholar, lililofunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya maandishi ya kitaaluma. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa karibu kila fani, na lina kitufe kimoja ambacho nawaomba mkizoee kuliko vyote: kile kilicho chini ya kila makala kinachoonyesha kazi zilizoitaja. Makala ya mwaka 2012 inakupa marejeleo ya zamani kuliko yenyewe. Kitufe hicho kinakupa waliokuja baada yake, pamoja na waliompinga mwandishi. Lakini Scholar lina kasoro zake. Huokota kwa mashine, kwa hiyo humo utakuta makala iliyohakikiwa na wataalamu ikikaa bega kwa bega na kazi ya muhula ya mwanafunzi na jarida la kitapeli linalochapisha chochote mradi mwandishi amelipa. Hupenda makala zilizotajwa sana, na zilizotajwa sana mara nyingi ni za zamani, basi tumia kichujio cha miaka. Halafu hata likikuambia limepata matokeo laki mbili, litakuonyesha 1,000 tu. Mtu anayeandika kwenye tasnifu yake kwamba "utafutaji ulileta matokeo 200,000" anatuambia kwamba hakuyaona.

Sasa rudini kwenye swali letu. Kama angeliandika daktari au mtafiti wa afya, nenda PubMed, ambayo ilifunguliwa kwa umma kuitumia bure mwaka 1997 na leo ina taarifa za makala zaidi ya milioni 35. Kama ni mtaalamu wa elimu, nenda ERIC. Mwanafizikia au mwanahisabati huenda ameiweka kazi yake kwenye arXiv, hifadhi iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, ambako watafiti huweka rasimu kabla hazijahakikiwa. Kilichomo humo ni kipya kabisa, na kwa sababu hiyohiyo kisome kwa tahadhari. Mwanahistoria au mhakiki wa fasihi yumo JSTOR, ambako majarida hupatikana tangu toleo la kwanza, hata kama ni la karne ya 19, ila matoleo ya miaka michache ya karibuni mara nyingi hayamo. Mtakwimu hakuandika makala. Ameweka jedwali kwenye tovuti ya ofisi ya takwimu au ya Benki ya Dunia, nawe unapoteza muda kuitafuta namba yake kwenye makala ya mtu mwingine aliyeinakili miaka mitano iliyopita. Mwandishi wa kitabu yumo WorldCat, katalogi ya pamoja ya maelfu ya maktaba. Na kama mwandishi ni mwanafunzi wa uzamili aliyekusanya data kijijini kwao na kazi yake haikuchapishwa kokote, basi yumo kwenye hifadhi ya kazi za chuo chake, mahali ambapo wanafunzi hupasahau na ambapo mara nyingi pana data usiyoweza kuipata pengine.

Majarida ya Afrika na ya Amerika ya Kusini nayo yana makazi yake, AJOL na SciELO. Nayataja kwa makusudi. Kanzidata kubwa za kulipia, kama Scopus na Web of Science, huchagua majarida ya kuingiza, na uchaguzi huo kwa muda mrefu umeegemea Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na Kiingereza. Jarida kutokuwemo humo si ushahidi kwamba ni baya. Ukitafuta humo peke yake kisha ukaandika kwamba "tafiti ni chache", huenda umepima upana wa dirisha ukadhani umepima uwanja. Kwa asiye na njia ya kuingia kwenye hizo za kulipia, ipo OpenAlex, iliyofunguliwa mwaka 2022, bure kwa kila mtu, na jina lake limetokana na ile maktaba ya kale ya Alexandria.

Nimefika kwenye maneno, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama.

Injini kubwa za siku hizi hujaribu kukisia maana ya unachoandika, na mara nyingi hukisia vizuri. Kanzidata nyingi za kitaaluma hazikisii. Hulinganisha neno na neno. Mgonjwa husema "presha", daktari huandika "shinikizo la damu". Mgonjwa husema "sukari", daktari huandika "kisukari". Ukitafuta kwa lugha ya mgonjwa katika makabati ya daktari, utaambiwa hakuna kitu. PubMed imelifikiria hili: ina msamiati maalumu wa vichwa vya mada, ulioanza mwaka 1960, ambamo kila dhana ina jina moja rasmi hata kama waandishi wameiita majina kumi. Ukifungua makala nyingi humo na kushuka chini utaona vichwa hivyo vimeorodheshwa. Vichukue, virudishe kwenye kisanduku.

Sisi tunaotafuta kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada, na sijui kwa nini hatuisemi darasani. Ya kwanza ni visawe. Mashine inayojifunza mwenzako mmoja ataiita akili mnemba, mwingine akili unde, mwingine akili bandia. Kompyuta imeitwa pia tarakilishi na ngamizi. Ukitafuta neno moja umepata wapenzi wa neno hilo tu. Waunganishe wote kwa OR, kwa herufi kubwa: "akili mnemba" OR "akili unde" OR "akili bandia". Hiyo OR inatokana na mantiki ya George Boole, Mwingereza wa karne ya 19, aliyeonyesha kwamba fikra zinaweza kuandikwa kama hesabu. AND hubana, OR hupanua, NOT huondoa. Hii ya mwisho iogopeni kidogo: ukisema NOT watoto, umetupa pia makala nzuri kuhusu watu wazima ambayo imewataja watoto mara moja tu.

Ya pili ni umbo la maneno yetu. Vitabu vingi vya mbinu za utafiti vinawafundisha kukata neno na kuweka kinyota mwishoni, ili zana ilete maneno yote yenye shina hilo. Mbinu hiyo ilibuniwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani. Mtoto huwa watoto, kitabu huwa vitabu, ugonjwa huwa magonjwa. Kinyota cha mwishoni hakikusaidii, na zana nyingi hazikubali kinyota cha mwanzoni. Basi andika umoja na wingi, mwalimu OR walimu, uchovu wake ni wa sekunde mbili. Vitenzi achana navyo kabisa. Anasoma, walisoma, hawajasoma, atakayesoma: hakuna zana itakayokuunganishia hivyo vyote. Tafuta kwa nomino ambazo waandishi huziweka kwenye vichwa vya kazi zao: usomaji, ufundishaji, malezi, lishe.

Ya tatu, tusidanganyane, ni kwamba sehemu kubwa ya fasihi ya kitaaluma imeandikwa kwa Kiingereza, na iko nyingine kwa Kifaransa, Kichina, Kireno. Anayeandika utafiti kwa Kiswahili anatafuta mara mbili. Kupata neno sahihi la upande wa pili kuna njia ya mkato ambayo walimu wenu hapa mbele watanisamehe kuitaja: Wikipedia. Fungua ukurasa wa dhana yako kwa Kiswahili, kama upo, kisha bonyeza orodha ya lugha uhamie Kiingereza. Kichwa cha ukurasa uliofikia mara nyingi ndicho neno ambalo wataalamu hulitumia. Na chini kabisa ya ukurasa kuna marejeleo. Hayo unaweza kuyafuata mpaka kwenye chanzo, ukasoma chanzo, ukanukuu chanzo. Wikipedia yenyewe usiitaje kwenye tasnifu.

Maneno yenu yaandikeni kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Chora safu, kila dhana na safu yake. Kwa yule mwanafunzi wetu: safu ya simu, safu ya usingizi, safu ya wanafunzi. Chini ya kila moja jaza visawe, umoja, wingi, neno la Kiswahili na la Kiingereza. Ndani ya safu unaunganisha kwa OR, kati ya safu na safu unaunganisha kwa AND. Kila makala unayosoma itakuongezea neno kwenye safu. Kwa hiyo utafutaji wa kwanza haulengi kukupa majibu. Unalenga kukupa makala moja nzuri, moja tu. Ukiipata, ishike kama mgeni anavyomshika mwenyeji wa mtaa. Maneno muhimu yaliyo chini ya ikisiri, marejeleo yake, waliomtaja, kazi nyingine za mwandishi huyohuyo: atakufikisha nyumba kwa nyumba.

Najua kuna mtu tangu nianze anajiuliza: kwa nini nihangaike hivi wakati naweza kuiuliza akili mnemba? Swali la haki. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, na miezi michache tu baadaye, mwaka 2023, mawakili wawili jijini New York waliwasilisha mahakamani hoja iliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilikuwa na majina, namba, hata nukuu za majaji. Programu ilikuwa imezitunga. Jaji aliwatoza mawakili hao pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000.

Ni vyema kuelewa kwa nini ilitokea, kuliko kuwacheka. Programu hizi hujenga sentensi kwa kukisia neno linalofaa kufuata. Na katika maandishi yote ya binadamu, hakuna kitu chenye umbo linaloigika kirahisi kama rejeleo: jina la ukoo, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, kurasa. Mashine inalijua umbo hilo vizuri kabisa, na umbo likishatimia haina sababu ya kusita. Zipo sasa zinazotafuta mtandaoni kwanza na kukupa viungo. Hizo ni nafuu, ila kiungo kikiwepo usiridhike. Kifungue, uone kama ukurasa ule unasema kweli kile ulichoambiwa unasema. Mara nyingine ukurasa upo na dai halipo.

Hapa swali letu linatulinda. Nani aliliandika? Kama huwezi kumtaja mtu, kundi, au taasisi iliyoandika na itakayojibu ikiulizwa, bado huna chanzo. Una uvumi uliopangwa vizuri. Mimi huitumia programu hiyo kwa kazi moja: kuuliza watafiti wa fani fulani huiitaje dhana fulani. Hujibu vizuri, na ikikosea nitajua papo hapo, kwa sababu neno la uongo halileti makala. Fuateni pia kanuni za chuo chenu kuhusu kueleza mlivyoitumia.

Rejeleo lolote unalolitilia shaka, tafuta namba yake ya DOI, namba ya kudumu inayoitambulisha makala. Huanza na 10 na nukta. Ibandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari. Ikifunguka makala tofauti na ulivyoambiwa, au isipofunguka kabisa, una jambo la kuchunguza.

Kuhusu kupima tovuti kama ni ya kuaminika, kuna utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2017, ambao nausimulia kila mahali kwa sababu unatuaibisha sote. Walichukua wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10, yaani watu ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa habari, na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti za kutathmini. Wanafunzi, na hata wanahistoria, mara nyingi walibaki ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini juu hadi chini, na wakadanganywa na nembo nzuri na anwani yenye sura rasmi. Wahakiki wa habari walifanya kitu kinachoonekana kama utovu wa adabu: waliondoka. Walifungua kurasa nyingine pembeni na kuwauliza wengine, tovuti hii ni ya nani, nani anailipia? Walifika kwenye jibu haraka kuliko wote. Sisi wasomi tumefunzwa kwamba kusoma kwa makini ni fadhila, na ni fadhila kweli, lakini kwa kitu kilichostahili kusomwa. Mtu ukitaka kujua sifa zake humuulizi mwenyewe.

Na hata makala iliyohakikiwa inaweza kufa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala, iliyotokana na watoto 12, iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Ilibatilishwa mwaka 2010. Bado ipo mtandaoni, bado inatajwa, na mtu anayekutana nayo kupitia nakala iliyohifadhiwa kando hatauona muhuri wa kubatilishwa. Kwa hiyo fungua ukurasa wa jarida lenyewe. Programu ya bure ya kutunza marejeleo, Zotero, hukuonya kama makala uliyoiweka imebatilishwa, na kwa hilo peke yake ingestahili nafasi kwenye kompyuta zenu, ukiacha kwamba inakupangia orodha ya marejeleo ambayo vinginevyo mngeiandika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Mtakutana na ukuta wa malipo. Usilipe. Si kwa ukaidi, ni kwa sababu mara nyingi makala hiyohiyo ipo bure halali mahali pengine: kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi, au kama rasimu. Kiongezeo cha kivinjari kiitwacho Unpaywall hukutafutia nakala hizo chenyewe. Muulize mkutubi kama chuo kimejiunga na Research4Life, mpango unaofungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Nimeona vyuo vilivyojiunga na wanafunzi wasiojua. Na ikishindikana mwandikie mwandishi barua pepe ya sentensi tatu. Waandishi wa makala hizi hawapati senti kwa kila nakala inayouzwa, na wengi hufurahi kwamba kuna mtu duniani amewasoma.

Wekeni shajara ya utafutaji. Tarehe, zana, maneno kamili mliyoandika, vichujio, idadi ya matokeo. Inachosha kwa wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu msimamizi atakuuliza, "Ulitafuta wapi?" na utakuwa na jibu lenye kurasa. Ukurasa wa mtandao unaoutegemea sana uhifadhi kwenye Wayback Machine, hifadhi inayotunza nakala za kurasa za mtandao, maana tovuti hufa bila matanga.

Wengi huniuliza wataacha lini kutafuta. Ukibadilisha zana, ukabadilisha maneno, na majina yanayokuja ni yaleyale, marejeleo yao yanatajana wao kwa wao, na makala mpya haikuongezei neno hata moja kwenye safu zako, funga kisanduku ukaandike. Kuna watu hutafuta ili wasianze kuandika. Nami nimekuwa mmoja wao.

Tumebakiwa na dakika ishirini, na hapa nina kompyuta moja na ukuta mweupe. Dada uliyekaa karibu na mlango, uliyekuwa ukifuta na kuandika upya mada yako tangu nianze kusema, njoo nayo mbele. Kibodi tusiiguse kwanza. Tuambie unachotaka kujua, kisha sote tukusaidie kumtafuta aliyeliandika.